Moshi wa Jumatatu na Ijumaa Sokoni Lushoto

Mji wetu umekaa chini na milima imeuzunguka. Asubuhi ya baridi moshi ukitoka jikoni haupandi. Unapita mlangoni, unafika usawa wa mabati, halafu unalala hapo mpaka jua litokeze juu ya mikaratusi, saa tatu au saa nne. Mgeni akishuka kwenye basi hudhani ni ukungu. Sisi tunajua ukungu haunuki.

Mimi ni mpishi katika mgahawa wa mama mdogo, pembeni mwa soko la Lushoto. Nilikuja kwake nilipomaliza darasa la saba, na kazi yangu ya kwanza kila siku ni kuwasha moto wa makande. Kwa hiyo moshi naujua. Lakini sikuwahi kuuwaza kama kitu kinachoweza kupunguzwa, mpaka mwaka ambao bibi fundi alikaribia kuondoka.

Bibi fundi anashona nguo. Chumba chake kiko orofa ya juu ya nyumba iliyopakana na mgahawa wetu, na dirisha lake linatazama paa letu. Anashona sare za shule, majoho ya kwaya na magauni ya kipaimara. Kila mchana nampelekea sahani ya makande, na wateja wakipungua nakaa naye kidogo, namtungia uzi kwenye sindano kwa sababu macho yake hayaoni tena tundu. Watu wengi wakikaa na mtu asiyeongea huona lazima wamwulize kitu. Yeye haulizi. Anashona, mimi natunga uzi, na saa nzima inapita vizuri.

Msimu wa baridi wa mwaka uliotangulia alikohoa tangu mwezi wa sita mpaka wa nane. Hospitali walimwambia ni pumu na kwamba moshi unaichochea. Ana binti mmoja, mtu mzima mwenye familia, anayefanya kazi Tanga mjini. Mwezi wa tano binti huyo alipanda kuja kumwona, akakaa kwenye kiti ninachokalia mimi, na maneno yake niliyasikia nikiwa nimesimama mlangoni na sahani.

"Mama, mwaka huu sisubiri simu ya majirani. Nitakuja mwezi wa saba. Nikikuta unakohoa kama mwaka jana, tunafunga cherehani, tunashuka wote."

"Tanga nitashona nini? Mafundi wamejaa kila kona."

"Hutashona. Utapumzika."

"Kupumzika nitapumzika nikifa. Mpishe mtoto, sahani inapoa."

Niliweka sahani mezani nikashuka. Siku ile sikurudi kutunga uzi. Nilikaa jikoni nikimenya viazi, na mama mdogo akaniuliza kwa nini namenya maganda manene hivyo, nusu ya kiazi inakwenda na ganda. Ndipo nikamwambia.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatazama juu, kwenye dari yetu nyeusi, akasema, "Huo moshi unaoingia kwake ni wetu."

Tuliamini hivyo wote wawili. Dirisha lake liko juu ya paa letu, na sisi tunapika kwa kuni mbichi za miwati zinazoshushwa sokoni zikiwa bado zina maji. Hatukuona sababu ya kutafuta zaidi.

Mgahawa wetu ni mmoja kati ya minne iliyopanga mstari upande ule wa soko. Kina mama wa mstari wana kikundi, na kila wiki wanatia kidogo kwenye sanduku. Mwaka ule sanduku lilikuwa la kununulia viti vya plastiki na turubai la mbele. Mama mdogo, ambaye ndiye mwenyekiti, aliwaita jikoni kwetu saa kumi alasiri wateja walipokwisha, akawaomba viti visubiri. Aliwaeleza habari ya bibi fundi. Hakuna aliyebisha, maana hakuna mtoto kwenye mstari ule ambaye hakuvaa sare yake. Akamwalika pia bwana afya, kijana mrefu mzaliwa wa Tanga, ambaye kila mwezi hupita kukagua vyoo na vyombo. Alikuja amevaa sweta mbili.

"Gesi," alisema bwana afya. "Gesi haina moshi. Mkiacha kuni, mmemaliza."

"Na bei yake?" aliuliza mama wa chapati. Huyo ndiye jirani yetu wa karibu kwenye mstari, na ulimi wake unajulikana mpaka stendi.

"Bei iko juu kidogo. Lakini mama, afya haina bei."

"Afya haina bei, mtungi unayo."

Mwingine akasema afadhali dohani, bomba refu la bati la kutoa moshi juu. Mwingine akasema wote wahamie mkaa. Mwingine akasema jikoni zihamishwe nyuma ya soko, lakini alipoulizwa nani ataanza kuhama, akacheka.

Mama mdogo alikuwa amekaa juu ya gunia la mahindi, mkono shavuni. "Sanduku ni moja," alisema, "na njia mmetaja nne. Mimi nataka kujua, shilingi yangu nikiiweka kwenye gesi inafukuza moshi kiasi gani, na nikiiweka kwenye bomba inafukuza kiasi gani. Nani anajua?"

Bwana afya alifungua daftari lake, akatazama, akalifunga. Alisema hilo ni swali zuri. Basi tukachagua iliyosikika vizuri kuliko zote, tukanunua gesi. Sanduku lilitosha majiko mawili na mitungi miwili mikubwa, ya kwetu na ya mama wa chapati, na wengine wawili wakakubali kusubiri.

Hapa ndipo tulipokosea kwa mara ya kwanza. Makande si chai. Mahindi yaliyokobolewa na maharage yake yanataka saa nne motoni, na kwa wenyeji wa milima hii mtu hakai akiyatazama. Anabandika sufuria, anasukuma kuni, anakwenda shambani au sokoni, anarudi anasukuma tena. Ndivyo tulivyolelewa, na ndivyo tulivyofanya na gesi. Alfajiri nilibandika sufuria kubwa, nikafungua moto wote, mimi na mama mdogo tukaenda kuchagua nyanya na karoti. Tuliona raha sana. Hakukuwa na kupuliza wala machozi. Mtungi ambao muuzaji alisema utamaliza mwezi ulizimika kabla ya Jumapili ya pili, saa tano asubuhi, makande yakiwa nusu njia.

Tuliyapakua hivyo hivyo kwa sababu watu walikuwa wameshakaa. Dereva mmoja wa Fuso alitafuna kwa muda mrefu, akaweka kijiko chini.

"Mama, haya ni ya kula au ya kupanda?"

Mchana ule tulirudi kwenye kuni. Gesi tulipoijaza tena tuliiweka kwa ajili ya chai, mayai na kupasha mboga. Moshi wetu ukabaki karibu ule ule, kwa sababu chai ndiyo iliyokuwa inatumia kuni kidogo tangu mwanzo.

Mama mdogo hakukata tamaa. Sanduku lilikuwa bado na kitu, akamwita fundi bati. Fundi alipanda juu ya paa letu, akapima, akakata, akaunga, na siku mbili baadaye tukawa na bomba jeusi lililotoka juu ya jiko letu, likatoboa bati, likasimama. Jikoni kulipendeza. Nilianza kuona rangi ya ukuta wa pili. Lakini fundi alikuwa amepima kutoka paa letu, si kutoka nyumba ya jirani, na mdomo wa bomba ulikuja kusimama sawasawa na dirisha la bibi fundi.

Juma lile alikuwa ametundika majoho ya kwaya, meupe, yenye kola ya zambarau. Upepo ulishuka kutoka upande wa msitu wa Magamba, juu mlimani. Nilikuwa nakuna nazi nikasikia hatua zake kwenye ngazi, taratibu, moja moja. Aliingia jikoni na joho mkononi, limepigwa masizi kifuani kama mtu aliyekumbatia sufuria.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mama yako yuko wapi?"

Mama mdogo alitoka stoo akaliona joho, akashika kichwa.

"Zamani moshi wenu ulikuwa unapita nje tu," bibi fundi alimwambia. "Sasa umeupandisha ngazi umeuingiza chumbani, na haukubisha hodi."

Kisha akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, akakaa kwenye benchi mpaka kilipotulia. Mimi na mama mdogo tulifua majoho yale siku mbili. Fundi bati alirudi na uso wa aibu akaongeza vipande viwili vya bomba bila malipo, na moshi ukapita juu ya nyumba ya jirani. Hapo sanduku lilikuwa limebakiwa na pesa ya kununulia vitu vidogo tu.

Mwezi wa sita ukaingia, na baridi ikaja nao. Bibi fundi akaanza kukohoa asubuhi.

Nilipokuwa nawasha moto nilimsikia kupitia dirisha. Nilitaka kujua kama bomba limesaidia, na sikutaka kumwuliza mtu. Nyuma ya pipa la maji nikaanza kuchora ukutani kwa kipande cha mkaa. Siku aliyokohoa kidogo niliweka mstari mfupi, siku aliyokohoa sana mstari mrefu, na siku aliyokuwa salama niliweka nukta. Nilifanya hivyo wiki tatu.

Siku moja mama mdogo alisogeza pipa ili afagie.

"Nani amechora ukuta wangu?"

"Mimi."

"Unahesabu nini? Wateja?"

"Bibi fundi. Kikohozi chake."

Aliweka ufagio, akachuchumaa. Alikaa pale muda, akipitisha kidole. "Huu mrefu ni siku gani?"

"Jumatatu."

"Huu?"

"Ijumaa."

"Na huu mrefu kuliko yote?"

"Jumatatu."

"Hizi nukta?"

"Jumatano. Na Jumamosi. Hiyo nyingine ni Jumapili."

Alirudisha kidole kwenye nukta ya kwanza. "Makande sisi tunapika kila siku," alisema mwisho. "Jumatano tunapika, na Jumamosi ndiyo tunapika mengi. Kama ni sisi, mbona Jumatano anapumua?" Akasimama kwa kujikamata kwenye pipa. "Tumemnunulia dawa ya jino mtu anayeumwa goti."

Siku za soko letu kubwa ni Jumapili na Alhamisi. Watu wanashuka kutoka vijiji vyote na kabichi, karoti, mapeasi, ndizi, viazi, na jioni wakiondoka wanaacha majani na makapi kila mahali. Kesho yake alfajiri mzee anayefagia soko huyachoma. Hilo lilikuwa likitendeka tangu sijazaliwa. Jalala lake liko upande wa pili wa soko, na majani yale ni mabichi, yamechanganyika na mifuko ya plastiki, hayawaki vizuri, yanafuka tu. Moshi wake tulikuwa tunauona kila Jumatatu na Ijumaa kama tunavyoona ukuta wa kanisa. Ulikuwa sehemu ya asubuhi. Tulikuwa tumeinama tukiangalia jiko letu.

"Kesho ni Ijumaa," mama mdogo alisema. "Nenda ukamwombe mzee asichome."

"Mimi?"

"Wewe ndiye uliyehesabu."

Usiku ule nilitengeneza sentensi moja kichwani nikairudia mpaka nikalala nayo. Alfajiri niliamka mapema kuliko kawaida, nikakata soko katikati, meza zikiwa tupu na zimelowa umande. Jalala lilikuwa limeshawashwa. Mzee alikuwa amesimama na reki yake, na pembeni, duara zima, walikuwa wabeba mizigo. Walikuwa kama wanane, makoti yamefungwa mpaka shingoni, mikono imenyooshwa juu ya moshi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Leo umepotea, jiko lako liko kule."

"Mgosi, sogea," mmoja alimwambia mwenzake, "mpishi ana baridi."

"Hana baridi. Amekuja kutafuta mchumba, naona anachagua."

"Basi achague haraka, Fuso linakuja."

Wakacheka. Sentensi yangu iliondoka yote. Kwa kuwa sikujua la kufanya nilinyoosha mikono yangu juu ya moto kama wao, na hapo ndipo nilipohisi jinsi kulivyokuwa na baridi. Mimi kila siku natoka kitandani nakwenda kwenye moto. Wale wanafika saa kumi na moja kusubiri magari ya mboga, na magari yanaweza kufika saa kumi na mbili au saa mbili. Katika soko lote hapakuwa na mahali pengine pa kupata joto.

"Babu," nilisema, "taka hizi haziwezi kubaki bila kuchomwa?"

"Zinaweza. Gari la taka likija litabeba." Aligeuza majani kwa reki, yakatoa moshi mweupe mzito. "Lakini mimi mgongo huu hauinami tena, binti. Jioni ya soko hawa vijana ndio wanaonikusanyia. Asubuhi mimi nawawashia waote. Ndio mkataba wetu."

"Mkataba hauna karatasi," mmoja akadakia.

"Karatasi tuliiota mwaka jana."

Walicheka tena, na mimi nikacheka kidogo. Kisha nikasema bila kupanga, "Bibi fundi anakohoa."

Mzee aliacha kugeuza majani.

"Yule wa juu pale?" mzee aliuliza.

"Ndiyo. Jumatatu na Ijumaa. Binti yake anataka kumhamishia Tanga."

"Sare yangu ya darasa la kwanza aliishona yeye," alisema yule wa mchumba.

"Na ya darasa la kwanza ya pili pia, maana ulirudia."

Mzee hakucheka. Aliangalia moshi, akaufuata kwa macho ulivyokuwa ukitambaa juu ya meza, ukafika kwenye mabati yetu, ukapanda mpaka lile dirisha. Nadhani na yeye hakuwahi kuufuata. "Mbona hakuja kusema?"

"Yeye hasemi."

"Na wewe husemi. Mngekaa hivyo mpaka lini?"

Nilitazama chini. Nilisema jambo moja lililobaki. "Jikoni kwetu moto wa makande unawaka saa hii hii. Mnaweza kuota pale."

"Kwa mama yako? Atatutoa kwa mwiko."

"Hatawatoa," nikajibu, na sikuwa nimemwuliza.

Mama mdogo nilimkuta akifunga kilemba. Nilimweleza yote, na mwisho kabisa ile ahadi.

"Umewakaribisha wanaume saba jikoni kwangu?"

"Wanane."

Aliacha kilemba kikining'inia. Halafu nikaona uso wake unageuka, si kwa hasira, bali kama anavyofanya akiwa na mteja mgumu. "Moto ule unawaka kwa vyovyote," alisema. "Tunapika makande, wao wanaota, moto ni mmoja. Kule wanawasha mwingine wa kuota tu." Akafunga kilemba upya. "Na gesi ile inayokaa bure asubuhi itachemsha chai. Chai inachemka upesi."

Jioni kina mama walikutana tena.

"Chai bure?" mama wa chapati alisema. "Tumeanza kugawa sasa?"

"Siku mbili kwa wiki. Sanduku lina pesa ya sukari na tangawizi. Unajua kitu kingine cha kununua kwa pesa hiyo?"

"Sijui. Ila nauliza tu, nisije nikaonekana nimekubali."

Pesa iliyobaki ilinunua tangawizi, sukari na vipande vya mbao vilivyokauka kutoka kwa maseremala, vya kuwashia badala ya miwati mibichi. Vinawaka kwa moto safi, na bomba letu likawa linatoa uzi mwembamba tu.

Yalibaki majani yenyewe. Yasipochomwa yangeoza pale, maana gari la taka linakuja linapotaka. Hilo alilitatua mzee, Jumapili jioni, na nilikuwepo kwa sababu nilitumwa kumpelekea kikombe. Wanawake wa vijijini walikuwa wanajitwika vikapu vyao vitupu waanze kupanda kurudi nyumbani. Karibu kila mmoja ana ng'ombe wa maziwa bandani anayekatiwa majani kila siku. Mzee akamsimamisha mmoja akamwuliza kama angependa kubeba majani ya kabichi.

"Babu, unanijaribu?"

"Nakujaribu vipi?"

"Haya si ya moto wako? Miaka yote tunaogopa kukuibia." Akafunua upande wa kitenge chake, ndani kulikuwa na majani matatu makubwa ya kabichi, amekwisha kuyaficha. "Nisamehe. Ng'ombe wangu anayapenda."

"Na mimi miaka yote nadhani mnaringa," mzee alisema.

Wanawake wakashusha vikapu. Waliokuja na mzigo na kurudi watupu sasa walirudi na mzigo, na wabeba mizigo waliwasaidia kujitwika wakiwatania kwamba ng'ombe wao watawazidi wao wenyewe kwa unene. Mifuko ya plastiki na makaratasi yaliyobaki yaliingia kwenye viroba vichache vikasubiri gari.

Jumatatu ya kwanza haikwenda vizuri. Nilikuwa nachemsha chai nikanusa plastiki. Mbeba mizigo mmoja alikuwa amefika mapema, akawasha kiroba kimoja kwa mazoea, kabla hajakumbuka. Mzee alikwenda na ndoo ya maji, na alipomaliza na kiroba alimmwagia yule kijana kilichobaki miguuni. Ijumaa yake hakuna aliyewasha.

Jikoni kwetu kulijaa. Walikaa kwenye magunia na kwenye kuni, vikombe mikononi, wakizungumza Kishambaa kwa sauti za chini za watu ambao hawajaamka sawasawa. Mimi niliwapa mgongo nikikoroga makande, na ilikuwa rahisi kuwasikiliza hivyo. Wiki ya tatu walianza kuagiza chapati. Mama wa chapati, aliyekataa kuonekana amekubali, akawa wa kwanza kufungua katika mstari mzima, na akawa anauliza kwa nini chai isiwe kila siku.

Bwana afya alipopita katika ukaguzi wake alisimama katikati ya soko, akavuta hewa, akaja kwetu.

"Naona gesi imefanya kazi," alisema.

"Gesi inachemsha chai, naishukuru," mama mdogo alijibu. "Bomba limeokoa macho yetu, nalo silitukani. Kama kila jiko la mji huu lingepata gesi ya kutosha labda ungeona mengine. Lakini ukiniuliza ni wapi shilingi yangu imefukuza moshi mwingi, nitakuonyesha tangawizi."

"Mama, siwezi kuandika tangawizi kwenye ripoti."

"Andika chai."

Alifikiri kidogo, akaandika.

Sikumbuki kama niliwahi kusubiri mwezi wa saba kwa wasiwasi namna ile. Kikohozi cha bibi fundi kilikuwa kimepungua, lakini hakikuwa kimekwisha. Pikipiki zipo, malori yanayopanda kutoka Mombo yapo, na majirani wanapika. Mistari mirefu nyuma ya pipa ilikuwa imekoma, mifupi ilikuwepo. Sikujua kama binti yake angetosheka na mifupi.

Alifika Jumamosi, akalala kwa mama yake. Jumapili wakaenda kanisani pamoja. Jumatatu alfajiri niliwasha moto, nikafungua gesi, wabeba mizigo wakaingia mmoja mmoja. Wote walikuwa wanajua. Hakuna aliyetania. Mzee alikaa karibu na mlango, uso ameuelekeza juu.

"Amekohoa?" mmoja alinong'ona.

"Nyamaza tusikie."

Tulisikia dirisha likifunguliwa. Tukasikia kikohozi, kimoja. Nilisimama na mwiko mkononi nikisubiri cha pili. Badala yake cherehani ikaanza, ile sauti yake ya kukimbia na kusimama, kukimbia na kusimama.

Baada ya muda binti yake alishuka, amejifunga khanga mbili mabegani. Wanaume wakampisha kwenye gunia bora. Nilimsalimu, akaitikia, nikampa kikombe.

"Mbona mko kimya hivi?" aliuliza.

"Tunamsikiliza mama yako," mzee alisema.

Aliwatazama wote, duara zima, akapuliza chai yake. "Amekohoa mara moja. Akaniambia hiyo amekohoa kwa ajili yangu, nisione nimekuja bure."

Hapo walicheka mpaka mama wa chapati akaja kuuliza kuna nini.

Hata hivyo hakuwa mtu wa kuamini asubuhi moja. Alikaa mpaka Ijumaa. Ijumaa aliamka kabla yangu, nikamkuta amesimama peke yake upande wa pili wa soko, pale palipokuwa na jalala, akiangalia ardhi nyeusi na viroba viwili vilivyofungwa. Aliniuliza nani alianzisha habari hii. Nikamwambia ni mama mdogo na mzee. Akasema amesikia tofauti, na hakuniuliza tena.

Jumamosi tulimsindikiza stendi, mimi nimebeba kikapu cha mapeasi alichopewa, bibi fundi akitembea katikati yetu polepole. Basi lilikuwa limeshawaka. Binti aliweka mguu kwenye ngazi, akaushusha.

"Mama, Krismasi nataka gauni."

"Leta kitambaa."

"Nunua hapa, nitakulipa nikija. Nitalifuata mwenyewe mwezi wa kumi na mbili."

Bibi fundi alimshika bega. Alitoa utepe wa kupimia shingoni mwake, akamgeuza binti yake pale pale kando ya basi, akampima mabega, kisha kiuno, abiria wakitazama dirishani na dereva akipiga honi.

"Umenenepa," alisema.

"Mama, watu wanasikia."

"Wasikie. Inua mkono."